Theluthi ya Mshahara Inaishia Benki: Barua ya Wazi Kuhusu Ada za Ovadrafti

Kwa Gavana wa Benki Kuu ya Kenya, Dkt. Kamau Thugge, Waziri wa Hazina ya Kitaifa, Mheshimiwa John Mbadi, na Mwenyekiti wa Kamati ya Fedha na Mipango ya Kitaifa katika Bunge la Taifa, Mheshimiwa Kuria Kimani, ambaye pia ni mbunge wa jirani zetu wa Molo.

Waheshimiwa,

Mimi ni karani wa mishahara katika shule moja ya binafsi hapa Nakuru. Walimu, wapishi, walinzi, madereva wa basi na akina mama wa mabwenini wote hupitia kwenye kompyuta yangu kabla mwezi haujaisha. Kazi hii ina sheria nyingi, lakini ninayoitumia kila wiki ni kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kinachosema kwamba makato yote ya mfanyakazi kwa pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara wake. Mtu akija na fomu ya SACCO, kesho aje na ya duka la fanicha la kulipa polepole, keshokutwa ya mkopo wa karo, napiga hesabu na kumwambia: umefika mwisho, theluthi yako haiguswi. Wapo wanaokasirika. Dereva mmoja alininunia muhula mzima. Lakini nia ya sheria inaeleweka. Aliyefanya kazi mwezi mzima asirudi nyumbani mikono mitupu.

Ninawaandikia kwa sababu theluthi hiyo ninayoilinda mezani kwangu haimfikii mwenyewe. Inaliwa benki, na anayeila hakuna kifungu kinachomzuia.

Tuchukue mpishi wa mshahara wa shilingi 24,000. Kwa kiwango hicho kodi ya mapato haimgusi, kwa sababu afueni ya 2,400 inaimaliza. Bima ya afya ya SHIF, asilimia 2.75, ni shilingi 660. Tozo ya nyumba, asilimia 1.5, ni 360. Akiba ya uzeeni ya NSSF, asilimia 6, ni 1,440. Anabaki na 21,540. Ana mkopo wa SACCO aliomjengea mamake nyumba Butere, 5,000 kila mwezi. Natuma benki shilingi 16,540. Theluthi ya 24,000 ni 8,000. Nimeacha zaidi ya mara mbili yake, na mkaguzi wa leba akija leo hatanipata na kosa.

Sasa pesa zinaingia benki. Katikati ya mwezi alikuwa amechukua ovadrafti, yaani kutoa pesa zaidi ya salio lake, ya 9,000 juu ya mshahara unaokuja. Ada yake zamani ilikuwa asilimia 5. Siku hizi ni 7.5, kwa hiyo 675. Juu ya ada kuna ushuru wa bidhaa, na hapa naomba Waziri asikilize vizuri: riba haitozwi ushuru huo, lakini ada inatozwa. Benki ikichagua kuiita bei ya mkopo "ada" badala ya "riba", mpishi analipa mara mbili, kwa benki na kwa serikali. Sekunde ile ile mshahara unapotua, benki inachukua chake chote kwa mkupuo mmoja. Amebaki na 6,700 na ushei. Theluthi imeshavunjwa na mtu hata hajafika kwenye mashine ya kutolea pesa.

Anazihamishia kwenye simu, maana mwenye nyumba Kaptembwo na muuza mboga wote hulipwa kwa simu. Kuna ada ya kuhamisha, ile iliyosimamishwa Machi 2020 wakati wa korona na kurudishwa Januari 2023. Zikifika kwenye simu zinakuta deni la Fuliza, ovadrafti ya simu, la 2,000 linasubiri mlangoni. Nyumbani anaingia na elfu nne na mia sita hivi, na tarehe ni ya kwanza ya mwezi.

Ndiyo maana kufikia tarehe kumi na mbili anakopa tena. Hajashindwa kulipa deni hata siku moja. Naomba hili liandikwe kwa wino mzito, kwa sababu ukiwasikiliza wataalamu kwenye redio utadhani shida ni watu wasiolipa. Kuna kifungu cha 44A katika Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika mwaka 2007, kinachozuia riba ya deni lililochacha, yaani lisilolipwa, kupita deni lenyewe. Ni kifungu kizuri sana kwa mfanyabiashara aliyekwama na mkopo wa mamilioni. Kwa mpishi wetu hakina kazi. Deni lake halichachi. Linakufa kila tarehe thelathini na kuzaliwa upya kabla ya katikati ya mwezi, na kila likizaliwa linaanza kuhesabiwa upya, na ada yake mpya. Kwa mwaka mzima atakuwa amelipa zaidi ya shilingi 8,000 za ada kwa sababu ya zile 9,000 moja, na bado anazidaiwa.

Najua mtasema dawa ya deni kulipa. Tunalipa! Tena benki haingoji tulete, inajichukulia.

Niseme kidogo kuhusu namna ada zinavyopanda, kwa sababu hapo ndipo Hazina ya Kitaifa inaingia. Ujumbe hufika kwa simu, kwa kawaida mwezi ukiwa kona: mteja mpendwa, ada zetu zimebadilika, tembelea tovuti kwa maelezo zaidi. Mlinzi wetu wa usiku ana simu ya vibonye. Tovuti ataitembelea na nini? Nilimfungulia kwenye kompyuta ya ofisi, na hata mimi ninayeshinda na hesabu nilihangaika kuupata ukurasa wenyewe. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata taarifa anazohitaji ili afaidike nayo. Sidhani waliokiandika walikuwa na maana ya jedwali la herufi ndogo lililofichwa chini ya tovuti.

Kuna kubwa zaidi. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki kinasema benki haitapandisha viwango vya ada zake bila idhini ya Waziri kwanza. Sheria hiyo ni ya zamani na benki zimewahi kuibishia mahakamani, zikisema kwamba riba haimo ndani yake. Juni 2024 Mahakama ya Juu, katika kesi ya benki ya Stanbic na kampuni ya Santowels, iliamua kwamba hata riba imo. Kuhusu ada hapakuwa na ubishi hata kabla ya hapo. Kwa hiyo Waziri, ada ya ovadrafti ya mpishi ilipotoka asilimia 5 hadi 7.5, kuna barua iliyopita mezani pa Hazina. Sisemi haipo. Nasema mteja hana mahali pa kuiona. Hajui benki iliomba nini, ikatoa sababu gani, na ilikubaliwa lini. Bei ya mafuta hutangazwa tarehe 14 ya kila mwezi, na hata mtoto wa darasa la nne Langalanga anajua petroli imepanda shilingi ngapi. Idhini za ada za benki zinashindwa nini kutangazwa hadharani, jina la benki, ada ya zamani, ada mpya na tarehe ya kuanza?

Gavana naye nina jambo lake. Februari 2024 kiwango cha riba cha Benki Kuu kilifika asilimia 13, na benki zikatuambia pesa zimekuwa ghali. Tukaelewa. Kuanzia Agosti mwaka huo mmekuwa mkikishusha, na katikati ya 2025 kilikuwa kimeshuka chini ya 10. Wewe mwenyewe ulilalamika hadharani kwamba benki zinachelewa kushusha riba za wateja. Sasa mmeleta utaratibu mpya wa kupanga bei ya mikopo kwa kipimo cha KESONIA, yaani wastani wa riba ambayo benki hukopeshana usiku mmoja, ili kila mtu aone riba imetoka wapi. Ni jambo jema, lakini ovadrafti ya mshahara na ya simu haitajwi kwa riba. Inatajwa kwa ada. Kiwango chenu kikipanda ada inapanda nacho, kikishuka ada haina habari. Mkopo mdogo wa mtu mdogo umejengewa nyumba nje ya boma, na kila mnapofagia boma vumbi linaishia kwake.

Mtazame pia jinsi ada ya kila siku ilivyopangwa. Nitatumia Fuliza kwa kuwa bei zake ziko wazi na kila mtu anazijua. Nitoe sifa kwanza: Oktoba 2022 bei zilipunguzwa, na wanaokopa chini ya shilingi 1,000 wakapewa siku tatu bila ada ya siku. Wengi walipumua. Lakini muundo ulibaki ule ule. Kuna asilimia 1 ya kuanzia, kisha ada ya siku kwa madaraja. Aliyekopa kati ya 501 na 1,000 hulipa shilingi 6 kwa siku. Kuanzia 2,501 hadi 70,000 ni shilingi 25 kwa siku, uwe umechukua elfu mbili na mia sita au elfu ishirini. Pigeni hesabu ya siku thelathini. Wa 2,600 atalipa 750 za siku na 26 za kuanzia, jumla 776, karibu asilimia 30 ya alichokopa. Wa 20,000 atalipa 750 na 200, jumla 950, chini ya asilimia 5. Mwenye kikomo kikubwa ni yule mwenye kipato kikubwa. Kwa hiyo mwalimu mkuu anakopa kwa bei nafuu, na mfagiaji anakopa kwa bei ya kukatisha tamaa, kutoka duka moja, kwa siku zile zile.

Uingereza walikuwa na ugonjwa huu. Aprili 2020 mamlaka yao ya kusimamia mienendo ya benki ilipiga marufuku ada za siku na za mwezi kwenye ovadrafti, ikaagiza bei iwe moja tu, riba ya mwaka, itajwe wazi, na anayepitiliza kikomo asitozwe zaidi ya anayekopa ndani ya kikomo. Sitawadanganya kwamba kila mtu alifurahi, kwa sababu benki nyingi zilipandisha riba hiyo hadi karibu asilimia 40 kwa mwaka na waliozoea kukopa pesa nyingi wakalia. Lakini aliyekopa kidogo aliacha kumbeba aliyekopa kingi. Asilimia 40 kwa mwaka ni kama shilingi 3 na senti 30 kwa kila 100 kwa mwezi. Mpishi wetu analipa 7.5, na mara nyingi kwa wiki mbili tu.

Siombi mrudishe kikomo cha riba. Tulikiona. Septemba 2016 benki zilifungwa zisizidi pointi 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu, na kilipoondolewa Novemba 2019 wafanyabiashara wadogo wengi wa hapa walikuwa wameshafungiwa milango, kwa sababu benki ziliona heri kuikopesha serikali kuliko kumkopesha fundi wa viatu wa Bondeni. Watu wakaishia kwenye programu za mikopo za simu, zilizowapigia simu mashemeji na wakwe zao kuwaaibisha. Kikomo cha bei kina njia zake za kukwepwa. Ninachoomba ni kitu kingine: kikomo cha kiasi kinachochukuliwa mshahara unapoingia.

Yaani theluthi ile ile. Akaunti ambayo mwajiri ameiandikisha kuwa ya mshahara, benki isiruhusiwe kuchukua kwa siku moja kiasi kinachomwacha mtu na chini ya theluthi ya mshahara wake. Kinachobaki kidaiwe mwezi unaofuata, bila ada ya adhabu. Hili si jambo la kuvunja benki. Pesa zao zitalipwa, ila kwa miezi miwili au mitatu badala ya sekunde moja, na mtu atapata nafasi ya kutoka kwenye deni badala ya kusukumwa arudi. Bunge lilikwisha kukubali mantiki hii lilipoandika Sheria ya Ajira. Lilisahau tu kwamba siku hizi mshahara haulipwi kwa bahasha. Mheshimiwa Kimani, kamati yako inaweza kuweka sentensi hiyo kwenye Sheria ya Benki na mtoa mkopo wa simu akaingizwa humo humo.

Kwa nini mtoa mkopo wa simu pia? Kwa sababu ovadrafti haijui pesa ni za nani. Chochote kinachoingia, inachukua. Mlinzi wetu mmoja alifiwa na kaka yake Kakamega. Wenzake wakachanga, kama ilivyo desturi, pesa zikatumwa kwa namba yake ili azipeleke kwenye matanga, na deni likazimeza kabla hajazisoma. Alilazimika kuwaeleza watu wazima waliofiwa kwamba mchango wao umelipa Fuliza. Tangu siku hiyo hapokei pesa ya mtu kwa namba yake. Hutoa namba ya mwenye duka. Mweka hazina wa chama cha akina mama wa jikoni naye amenunua laini ya pili kwa ajili hiyo hiyo. Watu wanaficha pesa zao halali kana kwamba wameziiba.

Na kuna kuchelewa. Sisi ni shule ya binafsi, tunategemea karo. Januari wazazi wanalipa kwa vipande, na mishahara ya Januari inaweza kutoka tarehe saba Februari. Kwenye kaunti na mashirika mengine ya umma ni pesa za Hazina zinazochelewa, Waziri unajua habari hiyo kuliko mimi. Kila siku ya kuchelewa, ada ya siku inaendelea kuhesabiwa kwa mtu ambaye hakuchelewesha chochote. Agizo la malipo ya kila mwezi aliloweka benki likikosa salio, anatozwa faini ya kukosa salio. Mwajiri aliyechelewa hatozwi kitu. Ningependa kuona siku benki inamtumia mwajiri bili ya siku hizo. Nafikiri mishahara ingetoka mapema.

Pale shuleni hatukukaa tu kungoja. Nilimwomba mkurugenzi turuhusu advansi ya katikati ya mwezi, tarehe 15, isiyozidi robo ya mshahara, bila ada. Alisita, kisha akakubali. Inakatwa kwenye mshahara wa mwezi huo huo na ninaihesabu ndani ya theluthi mbili. Wapishi wengi wameachana na ovadrafti ya benki kwa sababu hiyo, kwani walichohitaji hakikuwa mkopo, kilikuwa ni kupata sehemu ya jasho lao kabla ya siku thelathini. Waajiri wanaosoma barua hii wajaribu. Inamgharimu karani jioni moja ya kazi ya ziada na mwajiri hapotezi kitu. Lakini si kila mwajiri ana pesa taslimu katikati ya mwezi, na haifai haki ya mtu itegemee huruma ya mkurugenzi.

Mwisho ni mahali pa kulalamika. Benki Kuu ina kituo hapa Nakuru, lakini ni kituo cha sarafu, kazi yake ni noti na sarafu za benki. Tawi lililo karibu ni Eldoret au Kisumu. Mteja mwenye ugomvi wa shilingi 675 hawezi kupanda matatu kwenda Eldoret, na hawezi kwenda mahakamani. Anarudi kwenye meza ile ile ya benki iliyomtoza, anapewa namba ya malalamiko na kuambiwa asubiri. Mwaka 2018 Hazina iliandika muswada wa kusimamia mienendo ya taasisi za fedha, ambao ungeleta ofisi huru ya kusuluhisha ugomvi wa wateja na benki. Haukuwa sheria. Uko kwenye kabati gani? Utolewe, upanguswe, na ofisi hiyo iwe na meza katika kila kaunti, hata kama ni meza moja ndani ya Huduma Centre.

Wafanyakazi kadhaa wameniruhusu niwaonyeshe hati zao za mshahara na taarifa zao za benki bila majina, mwezi kwa mwezi, ili mjionee wenyewe pesa inavyoingia na kutoka. Nitazileta popote mtakaponiita, Nairobi ikiwemo, ilimradi isiwe kati ya tarehe 24 na 30.

Wenu,
Karani wa mishahara,
Nakuru